UKURASA WA BWANA SHAMBA: Kiharusi hutaka mazoezi mafupi, mara nyingi

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mahindi, migomba, maharage na mboga. Mwezi huu nitazungumza juu ya mkulima mwenyewe. Jembe haliendi shambani peke yake. Hubebwa na mtu. Mtu akianguka, jembe nalo limelala.

Nataka tuzungumze juu ya kiharusi. Wengine huuita ugonjwa wa kupooza. Tutajibu swali moja tu. Mgonjwa wa kiharusi akirudi nyumbani kutoka hospitali, afanye mazoezi kwa muda gani? Je, tumwache alale apumzike? Au tumkazanie atembee mpaka jasho limtoke?

Mimi nililijibu swali hili vibaya. Nitakueleza jinsi nilivyokosea, ili wewe usirudie kosa langu.

KOSA LANGU KWA MJOMBA

Mjomba wangu anakaa mlimani, juu ya Bigwa, hapa Morogoro. Ana migomba, magimbi na mipapai michache. Sisi Waluguru tunajua mjomba ni nani. Ukoo wetu hupita kwa mama. Mjomba akilala, ukoo mzima unakosa usingizi.

Asubuhi moja alitaka kuinuka kitandani akashindwa. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vizito kama gogo. Maneno yalitoka yamekorogeka. Vijana walimbeba mpaka barabarani, akapelekwa hospitali mjini. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, aliweza kusimama akishikwa, na kutembea hatua chache.

Mimi nilichukua likizo nikaenda kumtunza. Nikajiambia, "Mjomba ni mtu wa kazi. Mguu huu umelala. Dawa yake ni kazi." Basi nikamwinua asubuhi, nikamtembeza saa nzima bila kumpumzisha. Tulipanda njia ya mlimani na kushuka. Mke wa mjomba alisema, "Baba, mwenzako amechoka." Sikumsikiliza. Nilijiona najua.

Siku ya 3 goti lilikataa. Mjomba akaanguka. Nilimdaka kwa mkono ule uliolegea, nikauvuta. Bega likavimba. Usiku ule hakulala kwa maumivu. Alikaa siku 12 hataki kusimama. Kila nilipomkaribia alisema, "Niache, mpwa wangu." Maneno yenyewe yalitoka kwa shida, lakini niliyaelewa.

Tulimrudisha hospitali. Hapo tulimkuta mama mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Bwana Shamba, ukipandikiza mche wa nyanya leo, utaumwagia debe zima la maji kwa mara moja?"

Nikajibu, "Hapana. Udongo utachukuliwa na maji. Mizizi itabaki nje."

Akasema, "Basi mjomba wako ni mche uliopandikizwa juzi. Mwagia kwa kopo, asubuhi, mchana na jioni."

Ndugu msomaji, somo la mwezi huu ndilo hilo. Sasa tueleze sababu yake.

KIHARUSI NI NINI?

Ubongo huishi kwa damu. Damu hupita katika mishipa, kama maji yapitavyo katika mfereji. Mfereji ukiziba, shamba la chini hukauka. Mfereji ukipasuka, maji humwagika na kuharibu shamba. Kiharusi ni hivyo hivyo. Kuna kiharusi cha mshipa kuziba, na kuna kiharusi cha mshipa kupasuka. Sehemu ya ubongo isiyopata damu hufa. Kama sehemu hiyo ilikuwa inaongoza mkono, mkono hulegea. Kama ilikuwa inaongoza maneno, maneno hupotea.

Sababu kubwa ni shinikizo la damu, yaani presha. Nyingine ni sigara, kisukari, ulevi na chumvi nyingi.

Watu wengi husema kiharusi ni upepo mbaya, au jini, au mtu amerogwa. Taarifa ya utafiti iliyotolewa mwaka 2008 ilionyesha kwamba mawazo hayo yapo sana hata Dar es Salaam, si vijijini tu. Sitaki kumcheka mtu. Lakini ukimpeleka mgonjwa kwa mganga wa jadi kwanza, saa za kumwokoa zinapita. Na presha yake inabaki palepale.

Wengine husema kiharusi ni ugonjwa wa matajiri. Hilo nalo si kweli. Kuanzia mwaka 1992 hadi mwaka 1995 watafiti walihesabu vifo katika sehemu 3 za Tanzania. Sehemu hizo ni Dar es Salaam, Wilaya ya Hai, na Wilaya ya Morogoro Vijijini. Walikwenda nyumba kwa nyumba. Waliuliza marehemu aliumwaje. Kati ya vifo 7,629 vya watu wa miaka 15 na zaidi, vifo 421 vilitokana na kiharusi. Wanaume walikuwa 225 na wanawake 196. Taarifa ya kazi hiyo ilitolewa mwaka 2000. Tazama, vijiji vyetu vya Morogoro vilikuwamo katika hesabu hiyo. Kiharusi kiko kwetu, na hakichagui mume au mke.

Hao ni waliokufa. Waliopona wako nyumbani. Wako kitandani, au mlangoni kwenye mkeka. Hao ndio wanaongoja mazoezi.

MWIBA MGUUNI NA MOSHI WA JIKONI

Sasa tuone kwa nini muda wa mazoezi ni jambo kubwa.

Ukichomwa na mwiba shambani, mguu huvimba. Mahali pale huwa pekundu, huwa na joto, na huuma. Kwa nini? Kwa sababu damu imepeleka askari wake kusafisha mahali palipoumia. Uvimbe huo si adui. Ni kazi ya kutengeneza. Lakini uvimbe ukizidi au ukikaa muda mrefu, huharibu hata nyama iliyokuwa nzima.

Ndani ya ubongo uliopata kiharusi kuna kazi kama hiyo. Askari wa damu huja kusafisha sehemu iliyokufa. Wewe huuoni uvimbe huo kwa macho. Lakini daktari anaweza kuona dalili zake katika damu.

Fikiri juu ya jiko. Ukiona moshi unatoka kwenye paa la jiko la jirani, unajua ndani kuna moto, hata kama hujauona. Katika damu pia kuna kitu kama moshi. Kimoja ni protini ambayo wataalamu huiita CRP. Iligunduliwa huko New York, Marekani, mwaka 1930. Hutengenezwa na ini. Mwili ukiwa na uvimbe wa ndani, ini hutengeneza CRP nyingi. Uvimbe ukitulia, CRP hupungua. Madaktari wameona kwamba wagonjwa wenye CRP nyingi sana siku za mwanzo za kiharusi, mara nyingi hupona kwa shida zaidi kuliko wengine.

Lakini kumbuka, moshi hauelezi ni moto gani unawaka. Kichomi huleta CRP nyingi. Kidonda kilichooza huleta CRP nyingi. Kwa hiyo mtu mmoja hawezi kuambiwa, "CRP yako ni kiasi hiki, basi tembea dakika kiasi hiki." Kipimo hicho hakitumiki namna hiyo. Usiuze kuku wako kukitafuta. Mwili wenyewe una dalili, nasi tutazieleza.

SIKU YA KWANZA YA KULIMA

Mkulima anajua jambo hili kuliko mtu wa ofisini. Kumbuka siku ya kwanza ya kulima, baada ya kukaa miezi bila kushika jembe. Ukilima toka alfajiri mpaka jua la utosi, kesho yake huwezi kuinua mkono. Mgongo unauma. Misuli imekaza. Misuli yako imeumia kidogo kidogo, nayo ina uvimbe. Ungepimwa damu siku ile, moshi ungeonekana.

Lakini mtu anayelima kidogo leo, kidogo kesho, na kuongeza polepole, mwili wake huzoea. Baada ya majuma machache analima kutwa bila shida. Wataalamu wameona jambo hilo katika damu pia. Kazi ndefu na ngumu ya siku moja huongeza dalili za uvimbe kwa muda. Mazoezi ya kiasi, yanayofanywa kwa miezi mingi, huelekea kuzipunguza.

Tena misuli ikifanya kazi humwaga vitu fulani katika damu. Baadhi ya vitu hivyo husaidia kutuliza uvimbe. Mama mmoja mtaalamu wa nchi ya Denmark, Bente Klarlund Pedersen, pamoja na wenzake walieleza jambo hilo katika miaka ya 2000. Kwa hiyo mazoezi yenyewe ni dawa. Na dawa ina kipimo. Vidonge vya juma zima huvimezi kwa siku moja ili upone haraka.

HESABU YA HOSPITALI 56

Kuna utafiti mkubwa uliopima jambo hili. Ulifanyika katika hospitali 56 za nchi 5. Nchi hizo ni Australia, New Zealand, Malaysia, Singapore na Uingereza. Taarifa yake ilitolewa mwaka 2015. Wagonjwa wa kiharusi 2,104 waligawanywa katika vikundi 2.

Kikundi cha kwanza kiliinuliwa kitandani mapema sana, kabla ya kutimia saa 24. Kilifanyishwa mazoezi mengi, kama dakika 31 kwa siku. Kikundi cha pili kilipata huduma ya kawaida, kama dakika 10 kwa siku.

Wengi tungedhani kikundi cha kwanza kilishinda. Haikuwa hivyo. Baada ya miezi 3, katika kila wagonjwa 100 wa kikundi cha kwanza, 46 walikuwa na ulemavu mdogo au hawakuwa na ulemavu. Katika kikundi cha pili walikuwa 50. Wale waliokazaniwa ndio waliobaki nyuma.

Mwaka 2016 watafiti hao walizitazama tena hesabu zao. Wakaona jambo muhimu. Dakika zilipoongezwa bila kuongeza mara za kuinuka, matokeo yalikuwa mabaya zaidi. Lakini mara za kuinuka zilipoongezwa, matokeo yalikuwa mazuri zaidi. Maana yake ni hii: siku za mwanzo, mwinue mgonjwa kwa muda mfupi, lakini mwinue mara nyingi.

Hizo ni siku za mwanzo, hospitalini. Baadaye mwili ukipata nguvu, mazoezi huongezwa. Mwongozo uliotolewa na madaktari wa Marekani mwaka 2014 unasema mgonjwa aliyekwisha tulia afikie dakika 20 mpaka 60 kwa siku, siku 3 mpaka 5 kwa juma. Tena wanasema anaweza kuzigawa katika vipande vya dakika 10. Unaona? Hata hapo debe limegawanywa kwa kopo.

KULALA TU NAKO KUNAUA

Ndugu msomaji, usinielewe vibaya. Sisemi mgonjwa aachwe alale. Kosa la pili ni kubwa kuliko langu. Mgonjwa anayelala kutwa na usiku misuli yake hukonda. Viungo vyake hukaza kama mlango uliokauka kutu. Hupata vidonda mgongoni na makalioni. Damu inaweza kuganda mguuni. Kifua kinaweza kupata kichomi. Na kumbuka, vidonda na kichomi ni moto mwingine unaoongeza moshi katika damu.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, mgeuze kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Mpe chakula akiwa amekaa wima, kidogo kidogo. Akikohoa au kupaliwa kila anapokunywa, mwone daktari. Chakula kinaweza kuingia kifuani.

MPANGO ALIOPEWA MJOMBA

Huu ndio mpango mtaalamu alioupanga kwa mjomba wangu. Nauandika kama mfano. Mgonjwa wako apangiwe wa kwake na mtaalamu au daktari, baada ya kupimwa presha.

Juma la 1: dakika 5, mara 6 kwa siku. Jumla ni dakika 30.
Mwezi wa 2: dakika 10, mara 4 kwa siku. Jumla ni dakika 40.
Mwezi wa 3: dakika 15, mara 3 kwa siku. Jumla ni dakika 45.

Fanya hesabu mwenyewe. Mimi nilimpa dakika 60 kwa mara moja, siku ya kwanza. Mtaalamu alimpa nusu yake, akaigawa vipande 6. Na katika kila kipande aliruhusiwa kukaa na kupumua.

Mazoezi yenyewe ni haya.

1. Kuinuka kwenye kiti na kukaa tena. Tumia kiti kirefu kisichoyumba. Kigoda ni kifupi mno kwa mwanzo. Weka ukuta upande mmoja na mtu upande wa pili.

2. Kusimama na kuhamisha uzito. Aegemee mguu mzima, kisha aegemee kidogo mguu mgonjwa. Polepole.

3. Kutembea uani, mahali pa tambarare. Sisi wa milimani tuangalie hapa. Njia zetu zina miteremko na mawe. Usianze na mlima. Mjomba alitembea kutoka mlangoni mpaka jikoni kwa mwezi mzima kabla ya kukanyaga njia ya mteremko.

4. Kazi za mkono. Kupukuchua mahindi, kuchambua maharage, kukunja nguo, kushika kikombe. Mkono mgonjwa ufanye kazi, hata kama mkono mzima unausaidia. Mtu wa kazi hufurahi akipewa kazi ya kweli.

Na hili usilisahau hata siku moja: usimvute mgonjwa kwa mkono uliolegea. Bega lake halina misuli ya kulishika. Linaweza kuteguka. Mshike kiunoni, au mfunge khanga imara kiunoni na uishike hiyo. Anapokaa, mkono ule uwekewe mto chini yake, usining'inie.

UTAJUAJE KAMA MUDA UMETOSHA?

Huna kipimo cha damu nyumbani. Lakini unacho kipimo cha mdomo. Mgonjwa anayeweza kusema, mwulize habari za shamba akiwa anatembea. Kama anajibu bila kukatika pumzi, kiasi kinafaa. Kama anashindwa kumaliza maneno kwa kuhema, amezidisha. Akae.

Kama kiharusi kimemnyang'anya maneno, tazama kifua chake na uso wake. Tazama mguu. Mguu ukianza kuburuta kuliko mwanzo, uchovu umefika. Mimi niliuona mguu wa mjomba ukiburuta nikasema, "Bado kidogo." Ile bado kidogo ndiyo iliyomwangusha.

Kipimo cha pili ni asubuhi ya kesho. Kama ameamka na nguvu kama jana, endelea vilevile, au ongeza dakika 1 au 2 baada ya siku kadhaa. Kama ameamka amechoka sana, au kiungo kimevimba, punguza. Usiache kabisa. Punguza.

SIMAMISHA MAZOEZI MARA MOJA UKIONA HAYA

Maumivu ya kifua. Kizunguzungu. Kichwa kuuma ghafla na sana. Kuhema kusikotulia baada ya kupumzika. Mguu mmoja kuvimba na kuuma. Homa.

Na ukiona uso umeshuka upande mmoja, au mkono unaanguka ukiinuliwa, au maneno yamekorogeka ghafla, hicho ni kiharusi kipya. Usingoje kesho. Usingoje kikao cha ukoo. Tafuta gari au pikipiki yenye mtu wa kumshikilia, umpeleke hospitali saa ileile.

Dawa za presha ni za kila siku. Watu wengi huacha wakijisikia vizuri. Presha haiumi. Mtu anaweza kujisikia vizuri leo na kuanguka kesho. Mazoezi hayachukui nafasi ya vidonge, wala vidonge havichukui nafasi ya mazoezi.

CHUKUA DAFTARI

Ndugu msomaji, hapa ndipo kujua kusoma na kuandika kunafaa. Mwaka 1973 wazee wetu walikusanyika vijijini kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walijifunza, wakaenda kuchimba vyoo. Sisi nasi tujifunze, tukaandike.

Chukua daftari la shule. Piga mistari. Andika tarehe. Andika asubuhi, mchana na jioni. Chini yake andika dakika alizofanya mgonjwa. Mwisho andika neno moja: "vizuri", au "amechoka", au "ameanguka". Saa ya simu itakupa dakika.

Mke wa mjomba ndiye aliyeandika daftari lao. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima. Siku ya kwanza aliandika: "Dakika 5. Vizuri." Mtaalamu aliposoma daftari lile baada ya mwezi mmoja, hakuhitaji kuuliza maswali mengi. Aliona ni siku gani mgonjwa alichoka na kwa nini. Aliongeza dakika palipofaa. Mama yule alirudi mlimani na daftari lake kifuani, kama mtu aliyebeba hati ya shamba.

Kazi hii isiachiwe mama peke yake. Yeye huyo anapika, anachota maji, analima, na anamgeuza mgonjwa usiku. Gawaneni. Mtoto wa shule asimamie dakika za jioni. Kijana asimamie za asubuhi kabla ya kwenda shambani. Mara 6 kwa siku si kazi ya mtu mmoja. Ni kazi ya nyumba nzima, na ndiyo maana dakika fupi zinatufaa. Nani atakosa dakika 5?

MJOMBA LEO

Utauliza, mjomba amepona? Nitasema kweli. Mkono wake wa kulia haukurudi wote. Hawezi kushika panga. Maneno yamerudi mengi, machache bado yanajificha. Lakini anatembea kwa fimbo mpaka kwenye migomba yake, anakaa kwenye jiwe, anapumzika, kisha anarudi. Anaonyesha kwa fimbo mgomba wa kukatwa na mgomba wa kuachwa, na vijana wanatii.

Juzi nilikwenda kumwamkia. Nikasema, "Shikamoo mjomba." Akaitikia, "Marahaba." Akaniangalia, kisha akasema polepole, "Leo unanitembeza dakika ngapi?" Tulicheka wote wawili. Mimi nilicheka kwa aibu kidogo.

Nenda zahanati ukapime presha yako mwezi huu. Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa wa kiharusi, muulize mganga wa zahanati au wa kituo cha afya jinsi ya kumpata mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mwinue mgonjwa wako leo. Mwinue kwa muda mfupi. Mwinue tena baadaye. Kesho fanya vivyo hivyo.

Haba na haba hujaza kibaba.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NA WENZAKO

1. Kwa nini mjomba alianguka siku ya 3?
2. Kiharusi kinafananaje na mfereji?
3. Mgonjwa akifanya mazoezi dakika 5 mara 6 kwa siku, jumla ni dakika ngapi? Akifanya hivyo siku 7, ni dakika ngapi?
4. Taja dalili 3 za kusimamisha mazoezi mara moja.
5. Katika kitongoji chenu kuna wagonjwa wangapi wa kiharusi walio nyumbani? Nani anawasaidia kuinuka?